Mto Wenye Nyota: Asili ya Neno *rěka katika Mame-Slavi

Katika mijadala yetu ya fasihi linganishi kuna hoja moja inayopenda kurudi kila mara tukisoma tafsiri za mashairi ya Ulaya Mashariki. Hoja yenyewe ni kwamba katika lugha za Kislavi neno la “mto” na neno la “usemi” ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mshairi wa huko akitaja mto huwa anataja usemi, apende asipende. Ushahidi unaotolewa ni Kikroatia: mto ni rijeka, neno ni riječ. Basi mtoa hoja akishaandika maneno hayo mawili ubaoni, darasa zima linaitikia “naam”, na kuanzia hapo kila mto katika shairi unageuka kuwa mto wa lugha, mto wa kumbukumbu, mto wa sauti ya wanyonge, na kadhalika.

Dhamira yangu katika makala haya ni kueleza neno la Kislavi la “mto” limetoka wapi. Nitafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake ni tamu kwa yenyewe. Pili, naamini sisi wa fasihi tumezoea kuchukua asili za maneno kama mtu anavyochukua embe lililoanguka njiani, bila kuuliza mti ni wa nani. Nitaonyesha kwamba rijeka na riječ hazina undugu wowote, na kwamba jambo hilo linaweza kuthibitishwa. Si suala la mtu kupenda au kutopenda.

Tuanze na neno lenyewe. Kirusi husema reka, Kibulgaria reka, Kislovenia reka, Kiserbia reka, Kikroatia rijeka, Kiukraini rika (na zaidi richka), Kicheki řeka, Kipolandi rzeka. Mtu hahitaji shahada kuona kwamba hili ni neno moja lililovaa nguo mbalimbali. Kinachobadilika ni ile irabu ya kwanza tu, na vilevile namna ya kutamka “r” kwa Wacheki na Wapolandi. Irabu ile ndiyo wanaisimu huiandika ě, na jina lake la jadi ni “yat”. Kila lugha iliipokea kwa namna yake: Waukraini wakaifanya i, Warusi e, Wakroatia ije (na katika baadhi ya lahaja za pwani ya Dalmatia ni i tupu, wanasema rika). Jambo la msingi ni kwamba wanafanya hivyo kwa utaratibu. “Imani” kwa Kikroatia ni vjera, kwa Kiukraini vira, kwa Kirusi vera. “Mkate” ni hljeb kwa wale wa Bosnia, khlib kwa Waukraini, khleb kwa Warusi. Penye e hii ya Kirusi, Mwukraini anaweka i.

Sisi tuliosoma isimu ya Bantu mwaka wa kwanza tunaijua njia hii. Maji kwa Kiswahili, amazzi kwa Kiganda, amazi kwa Kinyarwanda, amanzi kwa Kizulu. Hakuna aliyemuazima mwenzake, wote wamerithi. Carl Meinhof alipotoa kitabu chake kuhusu sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alichofanya ni kuchukua mbinu iliyokuwa imeshapikwa kwa ajili ya lugha za Hindi-Ulaya na kuileta huku kwetu. Na ile nyota tunayoiweka mbele ya maneno ya Mame-Bantu iliingizwa katika utaratibu na Mjerumani August Schleicher katikati ya karne ya 19. Nyota ile maana yake ni hii: neno hili halikuonekana limeandikwa mahali, tumelifikia kwa kukokotoa. Kwa hiyo *rěka ya Mame-Slavi ni neno la kukokotoa. Waslavi wa kale hawakuwa na maandishi mpaka karne ya 9, wakati Cyril na Methodius walipopelekwa Moravia mwaka 863 na lugha yao ikaanza kuandikwa kwa ajili ya ibada. Katika maandiko hayo, yanayoitwa Kislavoni cha Kanisa cha Kale, mto ni rěka. Yaani nyota ilipoondolewa, neno lilikutwa karibu lilivyotabiriwa. Wale rafiki zangu wanaosema kuunda upya maneno ni “ramli ya maprofesa” wanapaswa kulitafakari hilo kidogo.

Sasa tuje kwenye mtego. Je, riječ haina yat pia? Inayo! Hapa ndipo hoja ya darasani inapopata nguvu, na lazima nikiri kwamba ina nguvu kuliko watetezi wake wanavyojua. Kikroatia rijeka na riječ. Kiserbia reka na reč. Kicheki řeka na řeč. Kirusi reka na rech (usemi). Kiukraini richka na rich. Kipolandi rzeka na rzecz. Hizi mbili za mwisho zimehama maana na sasa zina maana ya “kitu, jambo” (ndiyo hiyo rzecz iliyomo ndani ya Rzeczpospolita, jina la dola ya Wapolandi, lililoigwa kutoka Kilatini res publica, “jambo la umma”). Jozi zinakwenda sambamba katika kila lugha. Mame-Slavi ilikuwa na *rěka na *rěčь, zote na yat ileile. Mtu akisimama hapa, ana haki ya kusema ni mzizi mmoja.

Lakini hakuna sababu ya kusimama hapa. Yat ni kama kituo cha basi ambapo magari ya njia mbili tofauti hukutana. Baadhi ya yat zimetoka katika irabu ndefu ya kale *ē. Nyingine zimetoka katika irabu mbili zilizoungana, *oi au *ai, ambazo Waslavi walizibana zikawa irabu moja. Zilipofika kituoni zikawa sauti moja, hivyo masikio ya Mslavi wa karne ya 9 yasingeweza kuzitofautisha. Tunawezaje basi kujua abiria yupi ametoka wapi?

Wakati mwingine konsonanti iliyotangulia hutusaidia. Sauti k iliyotangulia irabu za aina hii ilikaakaishwa mara mbili katika historia ya Kislavi. Mara ya kwanza, mbele ya ile *ē ya kale, k iligeuka kuwa č. Ndivyo ilivyopatikana *časъ, “wakati” (Kirusi chas, saa). Mara ya pili, baada ya *oi kubanwa, k iliyokuwa mbele yake iligeuka kuwa c, yaani “ts”. Ndivyo ilivyopatikana *cěna, “bei”, ambayo kwa Walithuania, walioendelea kuzitenganisha irabu zao, ni kaina. Kwa hiyo ukiona č unajua njia moja, ukiona c unajua njia nyingine. Msomaji wa Kiswahili asishangae. Na sisi ulimi ukiingia katika wingi unakuwa ndimi, na hiyo d inasimulia kwamba kulikuwa na n mbele yake.

Bahati mbaya neno letu linaanza na r, na r haikubadilika katika hatua hizo mbili. Mlango huo umefungwa. Inabidi tuwaulize jamaa wa neno, kwa maana ya ukoo.

Ukoo wa riječ ni huu. Kuna kitenzi *rekti, “kusema”, chenye irabu fupi e: Kislavoni cha Kale rekǫ, “nasema”. Kuna nomino yenye o, *rokъ, ambayo kwa Kirusi imekuwa “majaliwa” na kwa Kipolandi na Kicheki “mwaka”, kwa kupitia maana ya “muda uliotamkwa, uliowekwa”. Kuna prorok, “nabii”, yule anayesema mbele za watu. Kuna otrok, ambalo wengi hulieleza kuwa ni “asiye na sauti ya kusema”: kwa Waslovenia ni mtoto, kwa Wacheki ni mtumwa (neno hili peke yake lingetosha makala nzima ya itikadi katika lugha, nalipita kwa uchungu). Tazama irabu za ukoo huu: e, o, na ē ndefu iliyozaa yat ya riječ. Katika maneno haya hakuna i hata moja.

Ukoo wa rijeka ni mwingine kabisa. Kuna kitenzi *rinǫti, “kusukuma, kumiminika kwa kasi”. Kirusi bado kina rinutsya, “kukimbilia kwa kishindo”. Na kuna *rojь, “bumba la nyuki”: Kirusi roy, Kipolandi rój, Kikroatia roj. Irabu hapa ni i, oj, na yat. Uhusiano wa oj na yat ndio ufunguo wa mambo yote. Ile *oi ya kale ilibanwa ikawa ě pale tu ilipofuatwa na konsonanti. Ilipofuatwa na irabu haikubanwa, ilibaki oj. Hili tunaliona mpaka leo katika maneno ya kila siku: Mrusi husema pet, “kuimba”, lakini poyu, “naimba”. Ni mzizi uleule, *poi-. Mbele ya t ukawa pě-, mbele ya irabu ukabaki poj-. Kwa kanuni hiyohiyo mzizi *roi- mbele ya k ukawa rě-ka, na mbele ya irabu ukabaki roj-ь. Mto na bumba la nyuki ndio ndugu halisi. Kinachowaunganisha ni mwendo: kitu kingi kinachotiririka na kuzunguka kwa pamoja. Aliyewahi kuona nyuki wakihama hatahitaji maelezo zaidi.

Kwangu mimi hii ni picha nzuri kuliko ile ya mto unaosema. Tena ina faida ya kuwa kweli.

Tukitoka nje ya Kislavi ushahidi unaongezeka. Kilatini kina rivus, “kijito”. Waselti waliuita mto mkubwa wa magharibi mwa Ujerumani kwa jina ambalo umbo lake la kale lilikuwa *Reinos, nalo ndilo Rhein ya leo. Na kuna Reno nyingine ndogo Italia, karibu na Bologna. Kiingereza cha Kale kilikuwa na rīþ, “kijito”. Kisanskriti kina kitenzi riṇāti, “hufanya kitiririke”. Yote haya yanaelekea kwenye mzizi mmoja wa Mame-Hindi-Ulaya wenye maana ya kutiririka, kuchuruzika kwa kuzunguka. (Kuhusu Kiingereza tahadhari: river haimo humu. Hiyo imepita Kifaransa cha kale ikitoka Kilatini ripa, “ukingo”. Kwa hiyo river na rivus, zinazofanana kama pacha, hazihusiani, wakati rzeka na rivus, ambazo hazifanani, ni jamaa. Mwenye kutegemea macho amechelewa.)

Angalia viambishi. Mlatini ameweka w, Mselti n, Mwingereza wa kale t, Mslavi k. Maana yake ni kwamba watu wa Mame-Hindi-Ulaya walikuwa na mzizi wa kitenzi tu. Kila tawi lilipotengana liliuchukua mzizi huo na kujiundia nomino yake. Hata Walithuania na Walatvia, ambao kilugha ndio jirani wa karibu zaidi wa Waslavi, hawana nomino hii kwa mto. Mto kwao ni upė na upe, neno la asili nyingine. Kwa hiyo nasema *rěka kama nomino ni kazi ya mikono ya Waslavi wenyewe. Kuhusu kiambishi kile k wanaisimu hawajaafikiana: wapo wanaokiona ni kiambishi cha kawaida kilichoongezwa kwenye mzizi, na wapo wanaotaka kukirudisha nyuma zaidi, katika zama za kabla ya Kislavi.

Mzizi wenyewe nao una kisa. Urefu wa i katika rivus unaweza kuelezwa kwa kukubali kwamba mwishoni mwa mzizi palikuwa na konsonanti ya kooni iliyopotea. Konsonanti za aina hiyo zilibashiriwa na Ferdinand de Saussure katika kitabu chake cha 1879, alichokitoa akiwa na miaka 21, yaani umri wetu sisi tunaolalamikia insha za kurasa kumi. Wengi hawakumsikiliza. Kisha Bedřich Hrozný, Mcheki, akaifumbua lugha ya Kihiti mwaka 1915. Mojawapo ya maneno yaliyomfungulia njia lilikuwa watar, “maji”, ndugu wa voda ya Kislavi. Na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz, Mpolandi, akaonyesha kwamba Kihiti kiliandika sauti ya kooni ḫ katika sehemu ambazo Saussure alikuwa ameziacha wazi. Hapo tena nyota ikaondoka.

Kwa mwanafunzi wa fasihi tawi la Kisanskriti ndilo lenye neema zaidi. Kutoka mzizi huu Wahindi wa kale walipata nomino rīti, “mtiririko, mkondo”, ambayo baadaye ikawa “desturi”, na hatimaye “mtindo wa kuandika”. Vāmana, mhakiki wa karibu mwaka 800, alijenga nadharia nzima juu ya neno hilo, akidai kwamba rīti ndiyo roho ya ushairi. Kama basi mtu anatafuta kwa udi na uvumba mahali ambapo mto na sanaa ya lugha vimeunganishwa na historia ya neno, aache Zagreb aende Kashmir. Na Kilatini nacho kimetupa derivare, “kuchepusha maji kutoka kijitoni”, neno ambalo wanasarufi wa Ulaya walilitumia kwa kile tunachokiita mnyambuliko. Rivalis, aliyezaa rival ya Kiingereza, alikuwa mtu mnayegombea naye maji ya mfereji mmoja. Wakulima wa umwagiliaji watamwelewa mara moja.

Najua nitajibiwa: mshairi hasomi kamusi ya etimolojia, yeye husikia sauti, kama masikio ya Mkroatia yanaunganisha rijeka na riječ, undugu upo kwa ajili ya shairi. Nakubaliana kabisa na nusu ya pili ya jibu hilo. Sisi tuna mto wa maji na mto wa kulalia. Mshairi wa Kiswahili anayo ruhusa ya kumlaza mpenzi wake juu ya Rufiji, na mhakiki anao wajibu wa kuueleza mchezo huo. Lakini mhakiki huyo hana ruhusa ya kuandika kwamba Waswahili tangu enzi waliuona mto kuwa ni mahali pa kuweka kichwa. Huo wa kwanza ni uhakiki, huu wa pili ni historia, na historia ina masharti yake. Mchezo wa maneno ni mali ya mshairi aliyeucheza. Tukiuhamishia kwa “mzizi” tunamnyang’anya kazi yake na kulipa kabila zima. Tena mchezo wenyewe una tarehe. Kirusi kabla ya mageuzi ya maandishi ya 1918 kilikuwa na herufi maalumu ya yat, kwa hiyo “reku” ya kutendwa (mto) na “reku” ya “nasema” zilitofautiana kwa herufi moja. Herufi ilipofutwa zikawa kitu kimoja kwenye karatasi. Mhakiki wa shairi la Kirusi anayesoma mto-usemi kwa kutegemea tahajia, inampasa kwanza atazame shairi liliandikwa mwaka gani.

Watakaotaka kufuatilia wataanza na kamusi ya Max Vasmer, iliyotoka Heidelberg kati ya 1950 na 1958. Vasmer alizaliwa St. Petersburg, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1944 bomu liliteketeza vitabu na kadi zake alizokuwa amezikusanya kwa miaka. Akaanza tena. Baadaye Oleg Trubachev aliitafsiri kwa Kirusi na kuiongezea maelezo. Kwa Kiingereza ipo kamusi ya Rick Derksen ya 2008, kavu kidogo lakini imepangika.

Nimeacha maneno mengine ya maji yanayotembea, ila mawili siwezi kuyaacha. Kislavi kina *tekti, “kutiririka”, mzazi wa potok, “kijito”, na tok, ambayo kwa Warusi leo ni mkondo wa umeme. Kina pia *struja, “mkondo”, jamaa wa stream ya Kiingereza. T yake na ile ya Kiingereza zilichomekwa kati ya s na r, kwani Kilithuania bado husema srovė bila t. Sasa kisiwa kwa Kirusi ni ostrov, na kwa Kikroatia ni otok. Ukiyapasua, la kwanza ni o- (“kuzunguka”) pamoja na mzizi wa struja, na la pili ni o- pamoja na mzizi wa *tekti. Watu wawili, mizizi miwili tofauti, na wote wamekiita kisiwa “kilichozungukwa na mtiririko”. Jina hilo linakaa vizuri zaidi kwa mtu aliyekiona kisiwa katikati ya mto kuliko aliyekiona baharini, na linaafikiana na maoni ya wanaisimu wengi kwamba Waslavi wa mwanzo walikuwa watu wa mito na vinamasi vya bara.

Lakini mito yenyewe, ile mikubwa, hawakuipa majina wao. Don, Dnepr, Dnestr: majina haya wataalamu huyarudisha kwenye neno la lugha za Kiirani za nyikani, *dānu, ambalo kwa Waoseti wa Kaukazi bado lipo kama don na maana yake ni “mto, maji”. Waslavi walifika, wakauliza mto huu unaitwaje, wakajibiwa “mto”.